Kole Kwenye Mkongojo wa Mama

Mimi siamini kitu kinachoshika haraka. Mti nauamini, kwa sababu mti huchukua muda wake hata katika kuoza. Ndiyo maana mdogo wangu alipokuja Kasongo kutoka Salamabila, akatoa mfukoni kichupa cha kole, gundi ya kushika papo hapo, kisichojaza hata kiganja, akasema hicho ndicho kitakachomrudisha mama yetu misani kwa miguu, machale yalinicheza kabla hajakifungua.

Mama alikuwa ameteleza akitoka kuteka maji wakati wa mvua, na nyonga yake haikurudi sawa. Tangu hapo alikuwa akipelekwa kanisani kwa pikipiki, dereva mbele na mimi nyuma nimemshikilia, na alichukia sana. Alisema anafikishwa kwa Mungu kama gunia la muhogo. Alitaka kitu kimoja tu, kutoka mlangoni mwetu na kuingia kanisani bila mtu kumshika. Na mimi nilitaka asianguke tena, maana muuguzi alituambia wazi kwamba mfupa ule ukivunjika mara ya pili, hatasimama.

Mimi hutengeneza vitu vidogo vya mti: vigoda, michi, mipini ya majembe. Mkongojo wake nilikuwa nimeshauchonga. Kwetu mkongojo hauungwi, unatafutwa. Unazunguka mashambani ukitazama juu mpaka watu wakuulize umepoteza nini, hadi uone tawi la mpera lenye panda inayolingana na kwapa la mtu unayemfikiria. Unalikata, unalikausha juu ya moshi wa jikoni, unalisugua, basi. Hakuna mahali pa kuachia kwa sababu hakuna mahali palipounganishwa. Mama aliutumia siku chache, akauegemeza ukutani, kisha akaanza kuanikia nguo juu yake.

"Iko nzito, baba," aliniambia. "Inanichokesha mbele sijafika hata ku njia."

Mdogo wangu hakuhitaji kusikia zaidi. Kule Salamabila anaishi kwa kutengeneza mipini ya wachimbaji na kuunganisha chochote kilichovunjika, na alikuwa amerudi na maneno ya huko, ya haraka haraka. Alichukua fimbo moja ya mti mwepesi, akapima kipande kifupi cha kukaa juu yake, chini ya kwapa, halafu akanituma kwa jirani nikaombe kipande cha godoro kuukuu cha kuzungushia hapo juu. Niliporudi, mkongojo ulikuwa umeshasimama. Alikuwa anapaka unga wa mbao kwenye kiungo na kuudondoshea kole, na unga ule ukawa mgumu papo hapo.

"Unaona, yaya?" akasema, kwa neno letu la kumwita ndugu mkubwa. "Hakuna musumari, hakuna kamba. Kole tu."

"Na ikigongwa?"

"Yaya, wewe hata malaika akikuja utamuomba karte ya uchaguzi, ujue ni nani."

Tone moja lilidondokea kigoda changu. Nikachomoa pamba kwenye mto uliochanika, nikafuta. Pamba ikaanza kufuka moshi, ikaniunguza kidole, na hapakuwa na moto wowote karibu. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kitu kinachotoa moshi kwa kuguswa na pamba, hicho ndicho tumweke mama juu yake?

Mama aliuinua ule mkongojo, akazunguka nao uani, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mvua zile. Iliniuma, nasema kweli. Akasema Jumapili atakwenda nao misani. Mdogo wangu akamwachia kichupa, akapanda pikipiki, akarudi kwake.

Wiki ile sikuwa na raha. Kila mama alipouweka chini, nilipita kuugusa. Nilimwibia mama matone machache, nikaunganisha vipande viwili vya mti, nikavitundikia bidoni, lile dumu letu la maji, vikashika. Nikavigonga ubavuni kwa kijiti, vikaachana kama biskuti. Nikaunganisha vingine, ikawa vilevile. Basi shaka yangu haikuwa ya bure. Kole ile inakubali kuvutwa lakini haikubali kugongwa, na njia ya kanisani kwetu imejaa mawe. Nilimwambia mama. Akajibu kwamba nina wivu wa mti, akaendelea kuchagua maharage.

Jumamosi, alipoingia kuoga, niliuchukua mkongojo nikaupeleka nyuma ya jiko, nikauvua godoro. Nilitaka kutoboa kiungo na kupitisha kijiti kigumu, ili kole ikitusaliti, mti ubaki. Sisi tunatoboa kwa chuma kilichopashwa moto kwenye makaa. Nikakisukuma. Moshi uliotoka haukuwa wa mti. Ulinichoma macho mpaka machozi yakanitoka, nami nikaendelea kusukuma. Katikati chuma kilikutana na kitu kigumu zaidi. Nikakichomoa, nikakwangua ule unga wa mdogo wangu uliokauka, nikachungulia.

Ndani yake kulikuwa na kijiti cha mwanzi. Kilikuwa kimepigwa vizuri kabisa kutoka juu kuingia ndani ya fimbo, na mimi nilikuwa nimekikata katikati kwa moto. Na kole nayo, ilipopata joto, ililegea. Kile kipande cha kwapani kikawa kinacheza chini ya kidole changu kama jino la mtoto.

Nilimpigia simu mdogo wangu, nikamuuliza kwa nini aliweka mwanzi bila kusema.

"Nilikutuma godoro ndiyo nipate kuiweka," akasema. "Kole peke yake, kwa mama, hata mimi siiamini. Lakini ungeona ule muti ungesema kole yangu haina kazi." Kisha akauliza: "Yaya, umejua namna gani?"

Nikakata simu.

Maji bafuni yalikuwa yamenyamaza. Nikachonga kijiti cha mpera mbio mbio, nikang'oa vipande vya mwanzi, nikakipiga kijiti changu mahali pake, nikapaka unga wa mbao na kumalizia kichupa chote cha mama, mimi niliyekuwa nikikisema vibaya wiki nzima. Vidole viwili vilinata, nikavisugua kwa mawese mpaka vikaachana. Nikarudisha godoro, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ulishika. Lakini niliuamini kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu sasa ndani yake kulikuwa na kazi yangu ya haraka.

Jumapili nilimsihi apande pikipiki. Alinipita, akashika njia. Basi nikamfuata nyuma, macho kwenye kiungo. Alipoukanyagisha mkongojo kwenye jiwe, nilisikia ukilia kidogo. Jiwe jingine, ukalia tena. Watu walimsalimia, naye akajibu kwa madaha, kichwa juu. Mimi salamu zao sikuzisikia. Tulipofika kwenye kipando, pale njia inapoanza kupanda kwenda kanisani, akasimama.

"Mbona unatembea nyuma yangu?"

"Nakuchunga tu, mama."

"Unachunga mukongojo. Tangu ku nyumba macho yako iko pale." Akaegemea mkongojo. "Jana nilisikia ile moshi mpaka mu bafu. Na kole yangu imekwisha. Sikuuliza kitu. Itavunjika?"

"Sijui, mama."

"Mimi pia sijui. Nilitoka nayo vile vile." Alinitazama usoni, bila hasira. "Lakini kama unangojea nianguke, kuja karibu. Kule nyuma utanishika namna gani?"

Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hofu ile ile, haijapungua hata kidogo. Nikasogea ubavuni kwake, upande wa nyonga mbovu. Hakunipa mkono, na mimi sikuuomba. Tulipanda hivyo, bega kwa bega, mpaka mlangoni mwa kanisa. Mkongojo ulilia njia nzima, na sikuutazama.