Siku Nilipouongezea Nguvu Msumeno wa Kanisa

Jamani, nacheka nikisimulia lakini msidhani aibu imeniisha, maana mpaka leo nikipanda Vudee sipiti njia ya shuleni, nazunguka nyuma kwenye migomba, kwa sababu kuna jina wananiita huko na sitaki kulisikia midomoni mwa watoto ambao siku ile hata hawajazaliwa. Jina lenyewe nitawaambieni baadaye, kama bado mtakuwa mnanihesabu kuwa fundi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana, nafanya kazi kwenye gereji ya Mhindi mmoja pale Same, gereji ya malori ya kubeba mkonge. Nasema nafanya kazi, lakini ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa naosha vyuma kwa mafuta ya taa, wa pili ndio nikaruhusiwa kushika spana, ila mama yangu kule Vudee alikuwa ameshatangaza kanisa zima kwamba mwanawe anafufua malori. Na mimi (nisimsingizie mama peke yake) sikumkanusha. Halafu nina ugonjwa mmoja tangu utotoni, siwezi kutulia. Mtu akianza kusema mimi nimeshamalizia, chai ikiletwa mimi nimeshasimama, miguu inaniwasha, mikono inaniwasha, na ulimi ndio usiseme.

Basi nikaitwa. Shule ya Vudee ilikuwa kuta tupu, kuta za matofali mabichi ambayo watu waliyafyatua kwa mikono yao, hazina paa, na vuli iko mlangoni. Matofali mabichi na mvua, mnajua wenyewe. Mwalimu Eliamini, aliyekuwa akiisimamia ile shule, alihangaika huku na huku mpaka akapata kibali cha msitu cha kukata mkulo mmoja, mti mkubwa wa kutosha mbao za paa zima, ukatwe Jumamosi, na jua likizama hiyo Jumamosi kibali nacho kimekufa. Mti ukibaki umesimama hakuna paa, na bila paa zile kuta zinarudi kuwa udongo. Chombo cha kuukatia kilikuwepo, msumeno wa moto, ule wa mnyororo unaokwenda kwa petroli, mali ya kanisa, lakini ulikuwa umeishiwa nguvu. Unawaka, unakohoa, ukigusa mti unazima.

Nikafika Alhamisi na sanduku langu la spana na galoni ya petroli. Msumeno ulikuwa kwa mjomba wangu, Mzee Mbonea, ambaye ndiye aliyekuwa akiutumia kabla mgongo haujamlaza. Sasa mjomba ni mtu wa polepole, ukimuuliza habari za leo anaanza na za juzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na zile haraka zako?"

"Nimekuja nazo zote mjomba, mashine iko wapi?"

Nikaifungua pale barazani. Hapa mniache nijisifu kidogo, maana pa kujisifu ni hapa tu. Ugonjwa niliuona mara moja: tundu la kutolea moshi lilikuwa limezibwa na masizi, limebaki kijitundu cha kupitisha kidole cha mwisho, injini itapumua wapi? Nikakwangua mpaka chuma kikaonekana. Ringi za pistoni zimelika, nikachukua ringi za pikipiki, nikazipunguza kwa tupa, najaribu, napunguza tena, najaribu, mpaka zikakaa. Na kuponya tu hakukunitosha (ule ugonjwa wangu!), nikataka msumeno uwe na nguvu kuliko siku ulipotoka kwao Ulaya, basi tundu la moshi nikalipanua, na gasketi chini ya silinda nikaikata upya kwa karatasi nyembamba zaidi ili injini ibane vizuri. Ijumaa mchana nikawa nimeshaifunga.

Ndipo nikafungua debe la petroli la mjomba, nikanusa. Ala! Oili! Petroli nzima imeingia oili. Mimi ni mtu wa malori, na kwenye lori oili ina chumba chake na petroli ina tangi lake, vikikutana ujue pana msiba. Nikasema kumbe huu ndio mzizi wa maradhi, mzee wa watu alikuwa anailisha mashine uchafu. Sikumuuliza, nilimwonea huruma. Nikalibeba lile debe nikaenda kuwamwagia siafu waliokuwa nyuma ya jiko, nikajaza tangi kwa petroli yangu safi ya Same.

Jioni mjomba akaniita kutoka kitandani. "Petroli unayo?"

"Ninayo mjomba, safi kabisa."

"Vizuri. Kesho usikate kabla hujachanganya. Usipochanganya, injini itakamata, na ikikamata imekufa. Sikiliza sasa, unachukua..."

"Aa, mjomba! Mimi na gereji yote ile nisijue kuchanganya? Kuchanganya ndiyo kazi yetu!"

Akanitazama, akafumba macho. Na kweli kwetu gereji ndivyo tulivyosema: gari limechanganya, maana yake injini imeshika kasi, inanguruma sawasawa, sasa twende. Nikaona mzee ananihimiza niipe moto wa kutosha kabla ya kugusa mti. Nikatoka mbio kwa Mwalimu, nikamwambia mashine iko tayari, tena awaambie watu kesho wasijisumbue kubeba misumeno yao, waje na kamba tu za kuvutia magogo. Mwalimu akaniuliza mara mbili, "Una hakika, fundi?" Nikamwambia mpaka saa nne mti uko chini.

Jumamosi pembe ikalia, pembe ya msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kwetu Upareni asiyefika ana la kujibu. Wakaja, wanaume na kamba zao, kina mama na vyungu vya makande, mama yangu mbele kabisa kavaa kitenge cha Krismasi. Nikavuta kamba mara moja, ikawaka. Weee! Ilinguruma mpaka ndege wakahama. Nikakumbuka maneno ya mjomba, nikaipa moto, nikaiongezea, nikaiongezea tena mpaka ikalia sauti nyembamba ya juu, watu wanapiga vigelegele, mama anawaambia majirani huyo ni wangu. Nikauchomeka mnyororo kwenye mkulo, chenga zinaruka, harufu tamu inajaa msitu, ukazama kiganja kimoja, ukazama kiganja cha pili, nikasema moyoni leo wataniona.

Halafu ikafanya "kwiii", ikanyamaza.

Navuta kamba, haisogei. Navuta tena, ni kama nimefunga jiwe. Msumeno wenyewe umebanwa ndani ya mti, hautoki wala hauingii.

"Vipi, fundi?" akauliza Mwalimu.

"Inapumzika."

(Inapumzika! Nani alinifundisha neno hilo?) Nikajua macho yote yako mgongoni kwangu, na mimi kusimama bila kufanya kitu siwezi, nikaegemeza mguu kwenye shina, nikaishika ile kamba kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Kamba ikakatika. Nikaenda kinyumenyume hatua tano, sita, nikakaa kitako ndani ya chungu cha makande cha mama mchungaji. Bahati yalikuwa yamepoa kidogo. Kidogo, nimesema.

Katika hali hiyo, maharage yananichuruzika, mjomba akatokea na fimbo yake, kapanda taratibu na mgongo wake mbovu kuja kumwona mpwa wake. Akafungua tangi, akanusa.

"Oili iko wapi?"

"Oili gani mjomba?"

"Nilikwambia uchanganye."

"Nimechanganya!" nikapiga kelele, nusura nilie. "Watu wote hawa mashahidi, wamesikia ilivyochanganya!"

Mzee akasema polepole, "Petroli na oili, mwanangu. Mashine hii haina oili nyingine, inakunywa hiyo hiyo. Unachanganya *petroli* na *oili*." Kikaanza kicheko huko nyuma, kikasambaa, wazee wanashikana mabega, mama akajifunika kitenge usoni.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu, halafu akatazama wale wanaume mia na kamba zao, hakuna hata mmoja mwenye msumeno. Hapo ndipo nikakumbuka kuwa ni mimi niliyewakataza wasibebe. Pembe ikapigwa upya, watu wakashuka kufuata misumeno na mashoka majumbani, nami nikakimbia kuliko wote, suruali imeniganda makande. Tuliuanza upya saa nane, upande wa pili, mimi na msumeno wa mkono wa mjomba, sikukubali mtu anipokee, na mkulo ukalala jua likiwa limegusa kilima. Kibali tukakiwahi, lakini siku ya kukata magogo na kuyavuta ilikuwa imekwenda na maji, na msumeno wa kanisa ulikuwa chuma chakavu.

Mvua ikatangulia mbao. Wiki ya pili Mwalimu akanifuata gerejini Same, kwa miguu, kaloa, akasema maneno machache tu: "Ukuta wa magharibi umeanguka. Njoo ufyatue."

Nilikwenda kila Jumapili baada ya ibada mpaka ukasimama. Ndio ule mwekundu, udongo wake niliutoa bondeni, na watoto wakiuona wanasema huo ni ukuta wa Fundi Changanya. Haya, jina nimewapa, chekeni. Ila niliapa, na sijavunja, kwamba hata neno ninalolijua nitauliza maana yake: neno nisilolijua sikuwahi kuliogopa, maana hilo ningeuliza, lililoniponza ni lile nililolijua.

Jumapili ile ya kwanza nilimkuta Mwalimu kakunja suruali, mbele yake udongo, majani makavu na ndoo ya maji. Akanitazama.

"Unajua kuchanganya?"

Miguu ilianza kuniwasha, ulimi umeshafika kwenye meno. Nikaumeza.

"Sijui, Mwalimu. Niambie mpaka mwisho." Nikakaa chini, nikasikiliza.