Siku Maji Yalipoombwa Yaseme

Maabara nzima ilimwita Mama Matone, kwa kuwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima vitone vidogo kuliko chozi la sisimizi. Maneno yake machache, daftari lake safi. Vyakula vya madukani na vinyesi vya wagonjwa vilipitia mikononi mwake; alitoa vinasaba vya bakteria waliomo, akavizidisha kwa mashine, kisha akavitembeza kwenye jeli mpaka vikajipanga kuwa mistari. Tumbo la mtu limejaa bakteria wa kila namna, wengi wao majirani wema. Mistari ndiyo humfichua mhalifu.

Wiki ile wodi ya watoto ilikuwa na wanane wanaoharisha damu. Wawili hawakuwa hata na nguvu ya kulia.

Asubuhi bwana afya alileta sampuli tisa za maziwa mgando, zenye namba bila majina. Ya saba aliiweka mezani polepole kuliko nyingine.

"Mama Matone, hili sikutakiwa kukuambia."

"Basi usiniambie."

"Imetoka kwa mdogo wako."

"Ulimi huo siku moja utakufukuzisha kazi," akasema. Tangu afiwe na mume, mdogo wake hakuwa na kazi nyingine ila yale maziwa.

Kila wanapopima huweka kichupa kimoja cha maji matupu. Kikitoa mstari, uchafu umeingia mahali. Wao husema "maji yamesema," na matokeo yote hutupwa. Siku zote Mama Matone aliomba maji yanyamaze. Siku ile, kwa mara ya kwanza, aliomba yaseme.

Akajikuta mkono uko juu ya kichupa hicho, na ncha ya plastiki ya kuchotea vitone, aliyoitumia kwa namba saba, bado hajaitupa. Kugusa tu, mara moja. Nani angejua? Saa ya ukutani ilionyesha saa nne. Alisimama hivyo mpaka bega likauma, kisha akaitupa ncha kwenye pipa.

Alasiri aliiweka jeli chini ya taa ya zambarau, kila sampuli ikiwa kwenye njia yake. Njia ya maji: giza tupu. Njia za watoto wa wodini: mistari minne, wa pili mnene. Njia ya saba: minne, wa pili mnene. Akaweka rula. Akaiweka tena.

Simu ikalia.

"Dada, yule bwana afya wenu alikuja kunichotea maziwa, kanuna kama anachimba kaburi!" Mdogo wake alikuwa anacheka.

"Umeacha kuuza?"

"Niache kwa lipi? Ya leo yameganda vizuri ajabu. Ndoo nzima nimepeleka shule ya chekechea, wamelamba mpaka vikombe."

"Saa ngapi?"

"Saa nne ile, wakati wa mapumziko. Kwani vipi?"

"Wako wangapi?"

"Thelathini na sita. Dada, mbona sauti yako hivyo?"

"Funga duka. Nipe namba ya mwalimu wao."

Kicheko kilikuwa kimekatika.

"Dada... unaniandika kwenye ripoti?"

"Nimeshakuandika."

Alipomaliza kuongea na mwalimu, alivuta trei ya vichupa vitupu thelathini na sita, akaanza kubandika namba: moja, mbili, tatu.