Marehemu Anaomba Chumvi

Dada yangu alikufa mara mbili, na mara ya kwanza nilimuua mimi, kwa kalamu ya bluu.

Alikuwa mfua mashuka wa hospitali, mjane mwenye binti mmoja tu, na binti mwenyewe kichwa chake kilikuwa moto darasani. Serikali ilipotangaza ufadhili wa kusomea udaktari ng'ambo, tulisikia kwamba waliofiwa na wazazi wote wawili ndio wanaotangulizwa. Fomu niliijaza mimi, maana mwandiko wangu angalau unasomeka. Nilipofika penye "Mama", nikasita.

"Andika marehemu," dada akasema. "Kwani nitaoza?"

Tangu hapo tukawa na utani wetu. Tukiwa mezani atasema marehemu anaomba chumvi, nasi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Maofisa wawili walipokuja kukagua hali ya familia, chai aliwamiminia yeye mwenyewe. Mmoja akamuuliza ni nani pale nyumbani. Akajibu upesi kwamba yeye ni jirani tu. Walipoondoka alikwenda jikoni akaosha vikombe vyao, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumtania.

Binti akaupata ufadhili, akaenda. Alipokuwa mwaka wa nne, ini la mama yake likaharibika, na miezi mitatu haikuisha akafariki. Binti alinipigia simu analia. Kanuni zinampa mwanafunzi tiketi ya kwenda kumzika mzazi, ila ofisi ya ufadhili inataka cheti cha kifo.

"Mama mdogo, wapelekee. Nataka nimwone mama."

Msiba ulikuwa umenisahaulisha ile fomu; nikakipeleka, muhuri wake bado mbichi. Karani akafungua faili, akasoma taratibu, akarudia kusoma. Akaniambia kwamba humo mama wa mwanafunzi huyu alikwisha kufa kabla binti hajasafiri, na kama tulidanganya, ufadhili unafutwa leo hii. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa huruma, akashusha sauti.

"Basi huyu wa kwenye cheti ni nani wake?"

Nikaikumbuka mikono ya dada iliyobabuka kwa sabuni. Nikaikumbuka na miaka miwili ya masomo iliyobaki. Najichukia mpaka kesho.

"Jirani," nikasema.

Akanirudishia cheti, akafunga faili.