Mistari Mitatu ya Karani

Simu ya mkewe ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari ule ule, juu ya benchi la kurandia, na kila jioni fundi aliichaji kabla ya kufunga karakana. Hakuwa na sababu ya kuichaji. Mwenye simu alikuwa na miezi saba kaburini. Lakini mkono ulishazoea, naye aliuacha ufanye.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja ikalia.

Fundi alisimamisha randa. Alijua ni nini hata kabla hajaipokea. Mwezi wa kumi na moja ndio mwezi wa habari. Mkewe alisoma chuo cha ustawi wa jamii, na siku ya kumaliza, darasa zima la watu kumi na tisa lilimtwika kazi: kila mwaka akusanye habari za wenzake, nani kapata kazi gani, nani kazaa, nani kastaafu, azipeleke chuoni zitiwe kwenye kijarida cha wahitimu. Walimchagua kwa ajili ya mwandiko wake, wakampachika na jina: Karani. Walidhani ataifanya mwaka mmoja, miwili. Akaifanya miaka thelathini na miwili. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la jalada gumu, na kila mwaka alipata mistari mitatu, haizidi. Mwenye makuu mitatu, mwenye shida mitatu.

Zamani habari zilikuja kwa barua. Simu za mkononi zilipoingia, alizipokelea karakanani, amekaa juu ya rundo la mbao, maana nyumbani mtandao ulikuwa wa kubabaisha. Hivyo fundi aliwajua watu wale wote nusu nusu, kwa upande wa mkewe tu. Ehe. Ehe. Usiniambie. Lini?

"Karani wee, umeninunia?" sauti ilisema simuni. "Mbona huitiki?"

Alikuwa Kicheko. Huyu alikwenda ng'ambo miaka mingi iliyopita, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na hubadili namba kama mtu anavyobadili soksi. Yeye huwatafuta wenzake, wao hawampati. Msiba ulipotokea, hakuna aliyempata.

"Ni mimi, shemeji," alisema fundi.

"Aa, shemeji! Bado unakula vumbi la mbao? Mpe Karani simu upesi. Nina dakika kumi za mapumziko, halafu wazee wangu wanataka chai."

Hapo ndipo alipokosea. Maneno ya kusema hayakuwa mengi, hayafiki hata manne. Akasema mengine.

"Hawezi kuja," alisema. "Nipe mimi."

"Wewe?" Kicheko aliangua kile kicheko kilichompa jina. "Shemeji, wewe ukiandika jina lako tu unatoka jasho."

Alisema kweli. Fundi hakukaa darasani hata siku moja. Herufi alifundishwa na mkewe ukubwani, kwa penseli ya useremala, juu ya mabaki ya mbao. Zote herufi kubwa. Ndogo hawakuwahi kuzifikia.

"Ninaandika polepole. Na wewe sema polepole."

Akavuta kipande cha ubao, akatoa penseli sikioni. Kicheko akasema: amefanywa mkuu wa wodi. Amepata mjukuu wa pili, wa kike. Na yule bwana aliyekuwa akiishi naye amemwacha. "Lakini hilo usiliandike."

"Sijui hata linaandikwaje."

Kicheko akacheka, akamsalimu Karani, akakata.

Fundi alitazama ubao. MKUU WODI. MJUKUU 2. Chini yake alikuwa amechora mlango uliofungwa, ili amkumbuke yule bwana. Akakumbuka kwamba aliambiwa asiandike, akaufuta kwa kidole gumba.

Siku zilizofuata wengine nao walipiga. Hao walikuwepo mazikoni. Walianza kwa pole, wakawa hawajui waendelee vipi. Yeye ndiye aliyewasaidia. "Haya, na habari yako wewe?" Mmoja alikuwa ameacha ofisi, anafuga kuku, akasema kuku hawaandikiwi ripoti. Mwingine alipooza upande mwanzoni mwa mwaka, akataka iandikwe kwamba juzi alitembea mwenyewe mpaka getini. "Na kurudi?" aliuliza fundi. "Kurudi nilibebwa. Usiweke."

Jumapili binti yake alikuja kumfulia, kama alivyojipangia tangu msiba. Akamkuta na mbao kumi na nane zimeegemezwa ukutani.

"Baba. Umeandika kwenye mbao?"

"Daftari ni la mama yako. Mimi mwandiko wangu ungeliharibu."

Binti alikaa kwenye rundo la mbao, mahali pale pale, akaanza kunakili kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Fundi alimsomea mbao, na palipokuwa na mchoro alieleza. Kuku alikuwa amemchora mzima.

"Huyu kuku ana miguu mitatu."

"Mmoja ni mkia."

Walipofika ukurasa wa kumi na tisa, wa mwisho, binti alisimamisha kalamu. Juu palikuwa na jina la mama yake, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande mmoja. Chini hapakuwa na kitu. Miaka thelathini na miwili, hakuna mstari hata mmoja.

"Hakujiandika kamwe," binti alisema.

Fundi alilichukua daftari, akalisogeza kwenye mwanga, kama vile wino ungeweza kuwa umejificha. Alikuwa hajui. Aliketi karibu naye miaka yote hiyo na hajui. Hakuna aliyempigia kumuuliza, kwa sababu mwenye kuuliza alikuwa ni yeye.

"Mwaka huu ataandikwa," alisema. "Mistari mitatu, kama watu wote."

Chuo kilitaka habari zifike kabla ya Ijumaa. Jumatatu binti alimpigia mhariri wa kijarida, akampa baba yake simu. Mhariri alikuwa msichana mwenye sauti ya adabu. Alitoa pole. Kisha akaeleza kwamba mistari ni ya walio hai. Waliofariki wana orodha yao nyuma, jina na mwaka wa kuhitimu.

"Jina na mwaka," alisema fundi. "Kama mtungi wa gesi."

"Ndio utaratibu, mzee."

"Utaratibu huo ameuweka nani?"

"Sijui, mzee. Niliukuta."

Fundi hakumgombeza. Na yeye alikuwa na mambo mengi aliyoyakuta. Alimshukuru, akamrudishia binti yake simu.

"Andika hivyo hivyo," alimwambia. "Tuone watafanya nini."

Binti alikuwa ameshajitayarisha. Alisoma: afisa ustawi wa jamii, alihudumu kwa uadilifu, alipanda daraja mara tatu, cheti cha mfanyakazi bora mara mbili.

"Huyo ni nani?"

"Baba, jamani. Si mama?"

"Huyo anaweza kuwa afisa yeyote. Mimi huyo sikumuoa."

"Haya. Sema wewe, nikuandikie."

Fundi alishika msasa, akasugua ubao ambao haukuhitaji kusuguliwa. Maneno hayakuwa kazi yake. Lakini ilibidi ayatafute, na alipoyapata aliyasema huku anasugua.

Mkewe hakuleta majina ya watu nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu wenye shida, na aliyoyaona humo aliyaacha humo. Ila mara kwa mara, jioni jioni, alipita karakanani akasema, "Baba watoto, nina mlango." Basi. Fundi alichukua bisibisi, keekee ya kutobolea na komeo, akamfuata. Komeo lilitiwa kwa ndani, kwenye mlango wa chumba cha kulala au cha watoto. Mwanamke wa nyumba alisimama pembeni akitazama. Fundi hakuuliza. Akimaliza, alimwachia mwenyewe alifunge na kulifungua mara tatu, mkono ulizoee. Mlango mmoja ulikuwa umepigwa teke mpaka umepasuka. Huo aliutoa wote, akatia mpya.

"Milango mingapi?" aliuliza binti.

"Sikuhesabu. Duka la vyuma walinizoea, wakinitazama tu wanatoa komeo."

"Ofisini walijua?"

"Nilimuuliza siku moja. Akasema kwenye fomu zao hakuna mahali pa komeo."

Binti alikuwa ameweka kalamu chini. "Mimi nilidhani jioni zile mnakwenda matembezi."

"Tulikuwa tunakwenda matembezi."

Jumatano Kicheko alipiga tena. Alitaka kuuliza kama ameandikiwa vizuri. Fundi alimwomba akae chini.

"Shemeji, mimi nimekaa. Ni mapumziko."

"Karani amefariki," alisema. "Mwezi wa nne. Nilishindwa kukwambia juzi. Ulikuwa na furaha."

Miaka yote hiyo hajawahi kumsikia Kicheko akiwa kimya. Fundi alisubiri.

"Nilikucheka mwandiko," alisema Kicheko mwishowe.

"Si vibaya. Hata yeye alinicheka."

Akamweleza mengine yote: ukurasa mtupu, orodha ya nyuma, utaratibu usiojulikana ulikotoka. Akamweleza na makomeo. Kicheko alipenga kamasi, na sauti ilirudi, yenye ukali kidogo, sauti ya mkuu wa wodi.

"Futa yangu."

"Ipi?"

"Yote. Wodi, mjukuu. Mistari yangu mitatu mpe yeye."

"Siwezi kufuta mjukuu wa mtu."

"Shemeji, sikiliza. Mimi niko hai au siko hai?"

"Uko hai."

"Basi nina mistari mitatu, na habari yangu mwaka huu ni hiyo. Nimefiwa na Karani. Iandike chini ya jina langu, tuone nani atanikataza. Ukuu wa wodi hautaoza, na mjukuu mwakani atakuwa ameota meno."

Binti aliipeleka hivyo. Msichana wa chuo aliwapigia siku ya Alhamisi. Aliisoma kwa sauti, taratibu, kuhakikisha:

"Mwaka huu nimefiwa na Karani wetu. Miaka thelathini na miwili aliandika habari zetu, zake hakuandika. Alipoikuta nyumba ambayo watu wanalala kwa hofu, alirudi na mumewe, wakatia komeo kwa ndani."

Akauliza: "Mzee, hii ni habari ya mhitimu aliye hai?"

"Jina si lake?"

"Ni lake." Akafikiri. "Na mistari ni mitatu. Sioni kosa."

Ijumaa kulikuwa na mlango wa mteja wa kumalizia, lakini fundi aliuegemeza pembeni. Aliosha mikono kwa sabuni mara mbili. Akafungua daftari ukurasa wa kumi na tisa, akapiga mistari mitatu kwa rula ya useremala, akachonga penseli, akaanza kumwandika mkewe. Ilimchukua mpaka saa sita. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimejikunja mwishoni kwa kukosa nafasi, lakini zilienea. Lile neno KOMEO alilirudia mara mbili kwenye ubao kwanza, ndipo akalihamisha.

Alikuwa anapuliza vumbi la penseli simu ilipolia pale msumarini. Mfuga kuku.

"Shemeji, nilisahau. Nimeongeza na bata."

"Umechelewa. Za mwaka huu zimeshakwenda."

"Loo. Ndio basi?"

"Bata wataingia mwakani," alisema fundi, akavuta kipande cha ubao. "Wangapi?"