Siku Moja Kisiwani

Wanafunzi walimwita Mama Jicho, wala jina hilo halikumkera. Alikuwa mwalimu wa malezi, kazi yenye cheo kirefu na chumba kifupi: stoo ya mipira, meza moja na viti viwili visivyolingana. Mjane, goti bovu, na hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwake, mtoto hahukumiwi kwa kusimuliwa. "Ukitaka kumjua mtoto, shinda naye," aliwaambia wenzake. Wenzake walicheka, maana wao kushinda na wale watoto waliona ni adhabu tosha.

Ikaja kesi ya msichana wa kidato cha pili aliyepachikwa jina Kengele. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye anapiga dawati. Haulizwi, anajibu. Penye kimya, anacheka. Shule ile ilikuwa na dawa yake kwa watoto wa namna hiyo: dawati la mwisho kabisa, ukutani, mtoto akae peke yake, na atakayemsemesha afagie uwanja. Wanafunzi waliliita Kisiwani. Kengele alikaa huko muhula mzima, na kadiri alivyokaa ndivyo kelele zilivyozidi. Sasa kamati ya nidhamu ilitaka kumfukuza shule. Mama Jicho akaomba apewe siku moja amwangalie.

"Siku moja tu, mwalimu," mkuu wa shule akamwambia. "Jioni tunapiga kura."

Asubuhi akaingia darasani. Watoto walikuwa wamebanana watatu watatu, na nafasi ya kukaa ilibaki moja tu. Akaenda akaketi Kisiwani.

"Sogea huku, mwalimu," msichana akamnong'oneza. "Hapo pana msumari, utakuchania sketi."

Somo la hesabu likapita, Kengele anaandika. Likaja la sayansi, akanyoosha mkono na kusubiri aitwe. Kabla ya kunyoosha alimwonyesha Mama Jicho jibu lake, na Mama Jicho alipotikisa kichwa kukubali, uso wa mtoto ulichanua. Wakati wa mapumziko wenzake walitoka mbio, yeye akabaki.

"Hutoki nje?"

"Nikaongee na nani, mwalimu?"

Alisema hivyo bila kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Mama Jicho moyo.

Mchana mwalimu wa historia akamtania, "Leo Kengele imekatika ulimi?" Darasa likaangua kicheko. Mkono wa msichana ukapanda juu, tayari kulishukia dawati. Akamtupia jicho aliyekaa naye, kisha akaushusha mkono taratibu, akaulaza mapajani. Mama Jicho aliona, akafurahi, maskini wa watu. Alidhani ukishaelewa, umeshinda.

Jioni akasimama mbele ya kamati. "Mtoto yule si mkorofi. Ni mpweke, na upweke tumempa sisi. Nimekaa naye kutwa, hakupiga dawati hata mara moja. Mtoeni pale, mpeni mwenzake wa kukaa naye."

Mwalimu wa hesabu akakuna kidevu. "Kwa hiyo kutulia anaweza?"

"Anaweza, akiwa na mtu—"

"Anaweza!" mkuu akadaka. "Mwenzetu mwenyewe kashuhudia. Basi muhula mzima alikuwa anatufanyia makusudi."

Mama Jicho akabisha mpaka sauti ikamkauka. Akauliza ni nani aliyebuni lile dawati. Wote wakatazama dari; nyani haoni kundule. Hata wale walimu wawili waliokuwa wakisitasita tangu juma lile lianze, sasa walinyoosha mikono afukuzwe, bila shaka yoyote. Walikuwa wamekosa ushahidi tu, naye aliwaletea.

Akatoka na hasira ya kujichukia. Msichana alikuwa akimsubiri mlangoni pa stoo, begi mgongoni, shati limechomekwa vizuri.

"Umewaambia nilitulia?"

"Nimewaambia, mwanangu."

"Kweli? Wakaamini?"

"Wameamini."

Msichana akaruka kwa furaha, akamshika mkono. "Mwalimu, basi kesho nitakaa na nani?"