Nilivyoikinga Hospitali na Radi

Ngurumo ile naisikia mpaka leo. Vioo vyote vya hospitali tunayoifanyia usafi hapa Lushoto vilitetemeka. Nyumbani radi ikianza, mama hutuamuru tuchomoe kila kitu. Basi nami, fundi wa kujipachika, nikakimbilia chumba cha kompyuta nikachomoa waya wa swichi, kisanduku kipya kinachounganisha seva zote na ghala moja la kumbukumbu za wagonjwa. Nikajiona shujaa!

Mara daktari akapiga kelele wodini: "Mafaili yote yamepotea! Huyu mama anasubiri sindano, sijui ipi inamdhuru!"

Fundi wa kompyuta akaja mbio. "Jamani, nani kagusa swichi?"

Wafanya usafi wenzangu wakatazamana. Nikamfikiria yule mama, nikanyoosha mkono peke yangu, waya ule ukining'inia mkononi.