Kidonda cha Ndugu

Harufu ya kidonda cha baba ilikuwa na saa zake. Asubuhi nyumba ilinuka dawa ya zambarau, mchana majani yaliyopondwa, na jioni, jua la kijijini kwetu Gorong'a likishapoa, ulibaki usaha mtupu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kama tisa. Kazi yangu ilikuwa kumfukuzia baba nzi. Kidonda kilikuwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, kimekula nyama karibu kugusa mfupa. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa ameshasema kwamba kisipokauka kabla ya mavuno, mguu utakatwa. Niliogopa hata uji ukanishinda.

Dresa huyo, mtu wa pwani, alisema kile ni kidonda ndugu. Sisi Wakurya Kiswahili tulikiokota njiani, na baba alisikia alichotaka kusikia. Alirudi akichechemea, akamwambia mama, "Mama Bhoke, hata dresa amejua. Ni kidonda cha ndugu." Ndugu mwenyewe alikuwa Marwa, mdogo wake, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu walipogombania ng'ombe wa mahari ya shangazi. Baba akagoma kurudi zahanati. Dawa ya mgeni ingefaa nini mbele ya kijicho cha mtu mliyenyonya naye ziwa moja?

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nilikwenda peke yangu kwa baba mdogo Marwa, nikamwamkia shikamoo, kisha nikamuuliza kama ni yeye aliyemtia baba kile kidonda. Hakunipiga. Aliketi chini kwa kishindo, akasema, "Mwanangu, mimi nilisikia ni mwiba tu." Kesho yake alikuja na baiskeli, akampakia baba kwa nguvu, baba akimtukana njia nzima. Kule zahanati, dresa alicheka mpaka akashika meza: "Mzee wangu, kinaitwa ndugu kwa kuwa kimekung'ang'ania, hakikuachi!" Baba aliona haya. Marwa alimpeleka kila siku hadi mavuno, na mguu ukapona.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilikutana na neno la Kiingereza, rankle, nikalifuata katika kamusi nene kwa udadisi uleule. Kumbe lilitoka kwa Wafaransa wa kale, nao walilitoa kwenye Kilatini, dracunculus, ambako lilikuwa na maana ya kijoka. Vidonda vya usaha viliitwa hivyo, labda kwa jinsi vilivyouma. Njiani joka hilo likapoteza herufi yake ya kwanza, ile d, na neno likahama kutoka mguuni hadi moyoni. Leo linasemwa juu ya kinyongo kisichokauka. Nilicheka peke yangu darasani. Baba hakuwa amekosea sana.

Siku hizi vidonda vile ni nadra. Sindano chache, vimekauka. Kile cha moyoni bado tunacho. Mimi na kaka yangu tuligombania shamba la baba, na huu ni mwaka wa sita hatujuliani hali. Wajukuu wetu wana adabu kuliko nilivyokuwa mimi: hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniuliza.